Patro wa Pine 22

Musiniite patro. Nawaomba. Kila nikipita hapa kwa butiki kununua inite za franka 500, ninyi muko: "Patro! Leo chai ni ya patro!" Patro wa wapi? Mwenye kamio ni shofere. Mwenye kamio ni mekano. Mwenye kamio ni watu wa bariyeri, na wale ni wengi. Mimi ni mutu wa kupigiwa simu tu. Simu ikilia usiku najua pesa inaitwa. Sijawahi kupigiwa kuambiwa kwamba kamio imelala vizuri, imeshiba, inanisalimia.

Tena munafikiri ni gari moja. Ni vitu viwili! Kuna kichwa, kinachokunywa mazutu. Kuna remoroki, haina injini, hainywi kitu, nikajiambia hiyo basi haitanisumbua. Heee! Ile isiyo na injini ndiyo inakula zaidi. Kichwa kina pine 10. Remoroki ina 12. Jumla 22, bila za akiba. Na kwangu nyumbani watoto wawili wanapokezana raba moja ya michezo.

Pesa ilitoka wapi? Nilikula likelemba yangu, nikaongeza ya kahawa, nikaongeza deni, nikaongeza deni la kulipa lile deni. Butembo munaijua. Kila mutu ni mfanyabiashara. Huyu ana kontena kutoka Guangzhou, yule ana kontena kutoka Dubai, jirani yangu anauza hata kontena yenyewe ikiisha kupakuliwa. Nami nikaona nisibaki na butiki ya sabuni. Nikaleta kichwa cha mutumba, kimeshuka Mombasa, kimevuka Kenya, kimevuka Uganda, kimeingia Kasindi. Ushuru wa hapo sitausema. Mama watoto anaweza kuwa anapita.

Nilikuwa na hamu moja tu. Kuipeleka kwetu Vuhovi. Nishuke mbele ya nyumba ya muzee, Bashu yote iko inaangalia, nipige honi ile ya hewa mpaka kuku waruke. Haikuwezekana. Barabara ya kule haitaki remoroki. Kona zimejikunja, milima imesimama, na mvua ikinyesha hata mbuzi anashuka amekaa. Tulifika kwa daraja la mbao. Shofere akashuka. Akatazama mbao. Akanitazama mimi, tumbo mpaka viatu. Akapanda bila neno, akaanza kurudi nyuma. Na kurudi nyuma na remoroki si kitu cha kuombea adui: unakata usukani kushoto, yenyewe inaenda kulia. Wamama waliotoka shamba waliweka vikapu chini wakakaa kuangalia. Kumalizia, wakanipa ushauri.

Basi nikaenda Vuhovi kwa motari, na picha ndani ya simu. Muzee akavaa miwani.

"Hii kamio ni ya nani?"

"Ni yangu, tata."

"Na wewe uko wapi hapa ndani ya picha?"

Sikuwemo. Ni mimi niliyeipiga.

"Hmm," muzee akasema. "Yule kijana wa jirani amenunua chukudu. Ile yake tunaiona."

Tuache hayo. Niende kwa garaji, ambako ndiko heshima yangu ilizikwa. Siku ya kwanza nilivaa shati nyeupe. Injini ilikuwa inakohoa. Mafundi wamekaa kwa mabidoni, wanangoja patro aseme neno. Patro akasema, "Mumebadilisha buji?" Kimya. Kisha mutoto anayeosha vyuma na mazutu akaanza kucheka, akaangusha chombo. Kumbe injini ya mazutu haina buji! Hewa inabanwa mule ndani mpaka inapata moto yenyewe, mazutu yakipulizwa yanawaka. Sasa nani alinifundisha? Mimi nimekua na pikipiki. Pikipiki ina buji. Toka siku ile kwa garaji jina langu ni Papa Buji. Hata makadirio ya bei wananiandikia hivyo, kwa kalamu ya bluu: Papa Buji, filtre mbili, mafuta ya injini zaidi ya litre 30.

Litre 30! Kwangu mafuta ya kula yanapimwa kwa chupa ndogo.

Mambo ya fren ndiyo yalinimaliza. Asubuhi moja kamio imepakia, injini inanguruma, haisogei. Nikasema imenasa. Nikaita vijana wasukume. Vijana nane wa pale parking wakashika nyuma, wakahesabu moja, mbili, tatu, wakasukuma mpaka mishipa ya shingo ikatoka, na mimi niko kando napiga makofi kuwatia nguvu. Konvoyeri, mutoto wa juzi ambaye ndevu bado zinajadiliana, akachungulia kwa dirisha: "Patro, hewa bado haijajaa."

Hewa gani? Akanieleza mbele ya watu, polepole, kwa sauti ya mwalimu wa primeri. Fren za kamio kubwa hazitumii mafuta, zinatumia hewa. Kompresa inajaza mitungi mpaka karibu bar 8. Na ile fren ya kusimamia iko kinyume: springi ndiyo inabana, hewa ndiyo inaachilia. Hewa ikikosekana, springi zinakamata magurudumu, hata uite vijana wa Butembo nzima. Kati ya kichwa na remoroki kuna mipira miwili. Mwekundu unapeleka hewa ya kujaza. Wa njano unapeleka amri ya kufunga. Mwekundu ukikatika, remoroki inajifunga yenyewe. Na kila asubuhi unafungua maji chini ya mitungi, maana hewa yetu ya milimani ina unyevu, na maji yakibaki mule ndani yanakula valvu. Vijana nane wakasikiliza vizuri. Kisha wakaomba pesa ya kusukuma. Nikawaambia haikusogea. Wakasema wao walisukuma. Nililipa.

Naye shofere ana sheria zake za kushuka. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700. Beni iko chini huko, na Kasindi chini zaidi. Anasema gia uliyopandia mulima ndiyo ya kushukia, injini ishike gari, mguu uiguse fren kidogo tu, maana ukikalia fren ngoma zinapata moto, zinatoa moshi, halafu hazishiki tena. Nilipanda naye safari moja nijionee. Nilikanyaga fren njia nzima. Upande wangu hakuna pedali. Nilitoboa zulia.

Pine sasa. Nilipata bei nzuri sana sokoni. Pine zinang'aa, nyeusi, meno marefu. Nikanunua ine. Nikazileta garaji kifua mbele. Fundi akapitisha kidole kwa ubavu, akasoma tarakimu ine ndani ya kiduara: 3511. Mimi nilijua ni saizi. Kumbe mbili za mbele ni wiki, mbili za nyuma ni mwaka. Wiki ya 35 ya mwaka 2011! Ile pine imemaliza primeri. Fundi akasema raba inazeeka hata ikiwa imelala stoo, inakauka, inapasuka ndani ambako huoni. Na kule kung'aa? Wamepaka rangi. Muuzaji nilimrudia. Akaniuliza, "Papa, wewe ulitaka pine ao ulitaka mwaka?" Sikuwa na jibu. Nilinunua na kofia.

Kuna na selete, ile sahani ambayo remoroki inakaa juu yake, inataka grisi wakati wote. Kuna springi za majani, zinazokatika moja moja kufuatana na mashimo. Nimepita haraka hapo kwa sababu kila neno nikilitaja nakumbuka kwitansi yake.

Barabara nayo? Mwaka 2021 marais wawili, Tshisekedi na Museveni, walikutana Mpondwe kuzindua kazi za barabara. Kasindi mpaka Beni kilometa 80, Beni mpaka Butembo 54, na kipande kingine cha Bunagana mpaka Goma, jumla 223. Niliisikiliza ile hotuba kwa redio nikiwa nimesimama. Nikahesabu pine nitakazookoa. Nikaanza hata kuzitumia zile pesa nitakazookoa. Hapo ndipo tatizo langu lote: natumia mapema.

Na ukifika Kasindi, daraja la Lubilia, hata upande wa barabara unageuka. Huku tunatembea kuume, kule Uganda wanatembea kushoto. Kamio yangu usukani uko kuume, maana ilishukia Mombasa. Kwa hiyo huku kwetu shofere akitaka kupita gari ya mbele haoni kitu. Konvoyeri anatoa kichwa dirishani upande wa kushoto, anapiga kelele "Twende!" ao "Ngoja!" Maisha yangu yote, deni langu lote, yako ndani ya koo ya mutoto yule. Akipata mafua, silali.

Tukipeleka kahawa Mombasa kuna mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 imepanga: ekseli ya mbele tani 8, mbili za nyuma ya kichwa pamoja tani 18, tatu za remoroki tani 24. Jumla ya yangu ni tani 50, gari na muzigo. Shofere alinipigia kutoka kule: "Patro, jumla iko sawa, lakini ekseli za katikati zimezidi." Nikamwambia kama jumla iko sawa wanataka nini? "Wanataka muzigo usogee nyuma." Gunia kwa gunia, jua la Mombasa, wabeba muzigo wa Mombasa, bei ya Mombasa. Nilituma pesa ya kusogeza kahawa yangu kutoka kwa remoroki yangu kwenda kwa remoroki yangu.

Vifaa! Kuna vitu lazima viwemo. Triangle mbili, kizima moto, sanduku la dawa, kriki, za kuzuia magurudumu. Nilinunua vyote. Vikapungua kimoja kimoja, hakuna anayejua. Triangle ziligeuka matawi ya miti: gari ikikufa, konvoyeri anakata majani, anayapanga barabarani mbele na nyuma, na kila mutu wa njia hizi anaelewa. Za kuzuia magurudumu ziligeuka mawe. Sanduku la dawa lina chumvi, pilipili na wembe. Kizima moto kilipatikana. Kiko nyumbani kwa shofere, kinazuia mulango wa jikoni usijifunge. Sepeto, kamba na bashi, hivyo havipotei kamwe, kwa sababu ndivyo vinafanya kazi.

Nikaenda kwa asiransi. Jina la kampuni nalifunika, sitaki maneno. Zamani hapakuwa na kuchagua, ni SONAS peke yake nchi nzima toka 1966. Sheria ya Machi 2015 ikafungua soko, wengine wakaingia. Vizuri. Sasa unaweza kuchagua wa kukuchanganya kichwa.

"Jina?" bwana akauliza.

"Kambale."

Akafungua droo. Ilikuwa imejaa Kambale. Munajua kwetu: kijana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule, na wazazi wa Butembo hawakosi wa pili.

"Shofere ni wewe?"

"Hapana, ni Kambale."

"Na konvoyeri?"

Nikanyamaza. Akaelewa mwenyewe, akaandika.

Akaniuliza nataka RC ao tu riski. RC ni ya lazima, sheria ya 1973: inamlipa yule uliyemgonga. Wewe uliyegonga, kamio yako, muzigo wako, jino lako, pole sana. Tu riski maana yake riski zote. Nikasema kwa sauti, ofisi nzima isikie: zote! Akanitajia bei. Nikashika meza. Nikaomba anieleze polepole hizo zote ni zipi, labda kuna moja naweza kuacha.

Mvua ya mawe imo. Mafuriko yamo. Hata theluji imo. Shefu, nikasema, theluji iko juu ya Ruwenzori peke yake, na kamio yangu ilishindwa kupanda Vuhovi. Akasema ni formula, haibadilishwi.

"Moto?"

"Umo. Moto wa kawaida."

"Wa kawaida ni upi?"

"Ule usiotokana na vita, uasi ao fujo."

Nikamwangalia. Bwana huyu anaishi hapa hapa, anakunywa kasiksi hapa. Anajua barabara ya Beni kwenda Kasindi, anajua ile ya Komanda, ambako kamio zimechomwa na mashofere hawakurudi kwao. Tunatembea kwa konvoi, askari mbele, askari nyuma, na mama watoto anashika rozari mpaka simu ilie. Nikamuuliza, sasa riski yangu mimi iko wapi humu ndani? Akageuza karatasi, akaniwekea kidole kwa mustari mudogo chini kabisa. Ilikuwa hapo. Upande wa vitu visivyolipwa. Najua si yeye aliyebuni. Wenye asiransi dunia nzima wanaikimbia vita. Lakini wao wanaweza kukimbia.

Nikachukua RC.

"Na remoroki?"

"Remoroki ni kitu cha peke yake."

Nikauliza: basi ikikatika kutoka kwa kichwa, ikashuka mulima peke yake, ikagonga mutu, ni nani amegonga? Kichwa ao remoroki? Bwana akavua miwani. Akaita mwenzake. Mwenzake akaita simu. Nilikaa mpaka wakafunga kwenda kula. Niliporudi nilikuta wameamua nilipie vyote viwili.

Na kuvuka mupaka kunataka Kadi ya Njano ya COMESA, toka 1987 inatumika. Shofere akigonga mutu wa Uganda ao wa Kenya, kadi inasimama badala yangu, na akiumia yeye inasaidia hospitali. Hiyo naisifu. Niliuliza kama ya pili ni nyekundu. Hakuna aliyecheka, na nilikuwa nimeiandaa toka nyumbani.

Karatasi ikatoka. Sikuisoma. Nani anasoma? Afande mmoja wa bariyeri ndiye aliyeisoma kwanza, herufi kwa herufi, kwa tochi. Walikuwa wameniandikia mambo ya Kambale mwingine. Jina ni langu. Gari: Toyota Corolla. Viti 5. Rangi ya maziwa. Afande akatembea kutoka kichwani mpaka mwisho wa remoroki, ikamchukua muda, akarudi.

"Hii ndiyo Corolla?"

Shofere akasema, "Imekua, afande."

Ile sentensi ilinigharimu dola ambazo sizitaji. Na yule Kambale mwingine namuwaza sana. Kuna mahali mujini, mutu anaendesha Corolla yenye bima ya ekseli sita.

Juzi kaka yangu wa Kanada, mutoto wa baba mudogo, akanipigia video. Naye amenunua kamio! Pikapu kubwa, yenye nguvu, na remoroki nyuma. Nikafurahi, nikasema mwenzangu wa mateso. Unabeba nini? Saruji? Mbao? Akasema, "Najibeba mimi." Akaingiza simu ndani. Kuna kitanda. Kuna jiko, frigo, choo, bafu, pazia. Ni nyumba. Ana nyumba nyingine kabisa, ya matofali, lakini wikendi anaiacha, anaenda kulala ndani ya remoroki porini, na kule porini analipia mahali pa kuisimamisha.

Akaanza kulalamika. Nilimwacha, nilihitaji kusikia mutu. Asiransi ya pikapu yake. Asiransi ya remoroki yake. Nyingine ya vitu vilivyo ndani, sufuria, televizyo. Fren za remoroki zinataka kupimwa. Pine zinazeeka zimesimama, maana anatembea miezi michache tu. Baridi ikija lazima akaushe maji yote ndani ya mipira, la sivyo yanaganda na kupasua. Nikamuuliza, remoroki yako inakuletea ngapi kwa mwezi? Hakuelewa swali.

Nilimpigia shofere nimpe hiyo habari. Alikuwa njiani, wamenasa kwenye matope siku ya pili, yeye analala kwa kiti, konvoyeri analala chini ya remoroki kati ya pine, wanapika maharagwe kwa makala. Nikamweleza: kuna mutu Kanada, ana nyumba nzuri, anaiacha kwa mapenzi yake, anaenda kulala ndani ya remoroki porini.

Akanyamaza sana. Kisha: "Patro, huyo alifanya kosa gani?"

Hakuna kosa, nikasema, ni raha yake. Ana kitanda mule ndani. Ana frigo. Ana choo.

Sikutakiwa kutaja choo. Kesho yake asubuhi mesaji ikaingia. Wameandika wote wawili, shofere na konvoyeri, majina mawili chini, Kambale na Kambale. Godoro mbili, kitanda cha chuma, jiko la gazi, pazia, na kama patro anaweza, choo.

Nikawajibu: tuanze na pine.

Wakajibu: basi frigo pekee.

Nimezima simu, ndiyo maana muko munaniona nimekaa hapa kwa butiki toka asubuhi. Na ile chai kila mutu ajilipie.